Muulize Mama Mhandisi: Nani analala chini ya bwawa?

Kwako Mama Mhandisi,

Mimi ni katibu wa chama cha wakazi wa mtaa mmoja kaskazini mwa Nairobi, kule ambako mpaka wa jiji na Kiambu unapita katikati ya mashamba ya zamani ya kahawa. Juu yetu, mwendo mfupi kwa miguu, kuna bwawa lililojengwa na walowezi kwa ajili ya kunyunyizia kahawa. Kahawa iling'olewa, shamba likauzwa, na mwenye bwawa wa sasa amelifanya mahali pa kujivinjari. Kuna boti za kupiga kasia, uvuvi wa ngege, nyama choma na mahema ya harusi. Jumapili magari hujaa hadi barabarani.

Mwaka jana wafanyakazi walipanga magunia ya mchanga na mbao pale maji yanapotokea bwawa likijaa, ili kina kisipungue na boti zisikwame kwenye matope wakati wa kiangazi. Wakaweka pia wavu wa waya samaki wasitoroke. Nyuma ya ukuta, chini kabisa, kuna mahali penye majimaji na matete hata mwezi wa Februari. Juu ya ukuta wenyewe imeota mikaratusi mikubwa. Tulipouliza tuliambiwa kwamba bwawa limekuwepo tangu ukoloni bila kuleta shida, na isitoshe ni dogo, ekari tano tu, na ukuta wake haufikii paa la nyumba ya ghorofa moja.

Chini yake, kando ya kijito, kuna chekechea, ploti za nyumba za mabati za kupangisha, na barabara inayovuka kijito kwa kalvati mbili. Je, tunajisumbua bure? Na kama si bure, tuanzie wapi?

Katibu, kaskazini mwa Nairobi

Hamjisumbui bure, Katibu. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya kukagua mabwawa ya udongo, mengi yakiwa hayo hayo ya mashamba ya kahawa kuanzia Kiambu hadi Thika, na barua yako ina mambo ambayo lolote kati yake lingenifanya nivae buti nije. Sitayapa uzito sawa. La magunia na wavu ndilo linaloninyima usingizi, kwa hiyo nitakaa hapo kwanza.

Ukuta wa udongo una adui mmoja anayewashinda wengine wote, nayo ni maji kupita juu ya mgongo wake. Ukuta wa zege unaweza kumwagikiwa usiku kucha na asubuhi ukaukuta umesimama. Wa udongo hauwezi. Maji yakishapita juu, yanateremka mgongo wa nyuma kwa kasi, yanachuna nyasi, yanachimba korongo dogo, na korongo hilo linakula udongo kurudi nyuma kuelekea kwenye bwawa. Likifika kwenye maji, bwawa zima linajimwaga kupitia hapo, na pengo linapanuka kila dakika. Kwa ukuta mdogo kazi hiyo yote inaweza kumalizika chini ya saa moja.

Ndiyo maana kila bwawa la udongo lililojengwa kwa akili lina njia ya maji ya ziada pembeni, iliyochongwa kwenye ardhi imara, ikiwa chini kuliko mgongo wa ukuta. Kati ya usawa wa njia hiyo na mgongo wa ukuta kuna nafasi kavu. Mwenye boti anaitazama nafasi ile na kuona maji ambayo angeweza kuwa nayo. Mimi naitazama na kuona mahali pa kuweka mvua ya usiku mmoja wa Aprili. Magunia na mbao mlizoziona zimeila nafasi hiyo. Wavu nao unafanya jambo baya zaidi, kwa sababu kiangazi unaonekana hauna neno, maji yanapita kama kawaida. Mvua kubwa ikinyesha, kijito kinaleta matawi ya mikaratusi, magugumaji, chupa za plastiki na magunia matupu, vyote vinakwama kwenye wavu, na njia iliyopimwa kupitisha mafuriko inageuka kuwa ukuta mwingine. Inaziba saa ile ile inapohitajika, na kwa kawaida huwa ni usiku, mlinzi akiwa amejikinga mvua.

Hili limewahi kutokea, na mahali penyewe palikuwa pa starehe kama hapo kwenu. Bwawa la South Fork katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilijengwa kulisha mfereji wa usafiri, baadaye likanunuliwa na klabu ya matajiri ya uvuvi na uwindaji, Andrew Carnegie na Henry Clay Frick wakiwa miongoni mwa wanachama. Mgongo wa ukuta ulishushwa kidogo ili magari ya farasi yapate njia pana. Vyuma vya kuzuia samaki viliwekwa kwenye njia ya maji ya ziada. Mabomba ya chini, ambayo yangeweza kutumika kupunguza maji, yalikuwa yameng'olewa na mmiliki aliyetangulia na hayakurudishwa. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka zilinasa kwenye vyuma vya samaki, watu wakahangaika kuziondoa wakashindwa, maji yakapita juu ya ukuta. Mji wa Johnstown, zaidi ya kilomita 20 bondeni, ulifikiwa na maji karibu saa moja baadaye. Walikufa watu 2,209. Bwawa lile lilikuwa kubwa kuliko lenu mara mia kadhaa, najua. Lakini hatua zilizolifikisha pale, moja baada ya nyingine, ni zile ulizoniandikia, na chekechea yenu haiko kilomita 20.

Sasa tuje kwenye hilo neno dogo. Ekari tano ni takriban mita za mraba 20,000. Nikichukulia kina cha mita nne na nusu penye ukuta, na kwa kuwa bonde huwa pana juu na jembamba chini, hesabu ya haraka tunayotumia ni eneo mara kina mara sehemu nne za kumi. Inatoka mita za ujazo kama 36,000, na kila mita ya ujazo ni tani moja. Hiyo ni mizigo 3,600 ya bauza la lita 10,000. Na hayo maji hayatoki taratibu. Kwa ukuta wa kimo hicho na ujazo huo, makadirio yaliyotokana na mabwawa yaliyokwisha kupasuka yananipa kilele cha takriban mita za ujazo 80 kwa sekunde, yaani mabauza manane kila sekunde, kwenye kijito ambacho watoto wanakiruka wakienda shule. Maji ya kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima. Yenye kina cha sentimita 60 yanabeba gari dogo. Nyumba ya mabati iliyosimamishwa kwenye nguzo za mbao sihitaji kuifanyia hesabu.

Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka mabwawa yenye kina kisichofika mita 5 katika daraja la hatari ndogo, na kwa vipimo hivyo bwawa lenu lingeingia humo. Lakini mhandisi wa mabwawa hatosheki na kimo. Anauliza kuna nini chini yake. Ukuta ule ulipojengwa, chini yake kulikuwa na mistari ya mibuni, na kama ungekatika mwenye shamba angepoteza kahawa. Leo chini yake kuna vitanda. Udongo ni ule ule, hatari ni nyingine kabisa, na hakuna aliyerudi kumwuliza mhandisi kama njia ya maji ya ziada iliyochongwa kwa ajili ya mibuni inatosha kwa ajili ya watoto. Kusema kwamba bwawa lina umri mrefu hakunitulizi hata kidogo. Ukuta wa udongo unazeeka, na mvua kubwa kuliko zote haijatoa hati kwamba ilikwisha kupita. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka baada ya wiki za mvua, likawafuata watu waliokuwa majumbani mwao. Walikufa zaidi ya 40. Hilo nalo lilikuwa limesimama miaka mingi.

Kuhusu majimaji chini ya ukuta: kila ukuta wa udongo hunyonya maji kidogo, na matete peke yake si msiba. Ninachotaka kujua ni rangi na kiasi. Chukua chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani, kinga maji yanapotoka, iache mezani hadi asubuhi. Maji yakibaki maangavu na chini pasibaki kitu, andika tarehe na urudie wiki ijayo, mahali pale pale. Ukiona tope limetuama chini ya chupa, maana yake maji yanabeba udongo kutoka ndani ya ukuta. Kuna tundu linachimbwa humo kutoka nyuma kuelekea mbele, na siku likifika kwenye maji hakuna gunia litakaloliziba. Maji yenye tope, au yaliyoongezeka ghafla bila mvua, au shimo dogo lililodidimia juu ya ukuta, au maji kuzunguka kama kizingia upande wa bwawa: lolote kati ya hayo ni la kuwahamisha watu siku hiyo hiyo, kabla ya kupiga simu kwa yeyote mwenye cheo.

Mikaratusi haifai kabisa juu ya ukuta. Mizizi yake inafuata maji ndani, upepo ukiuangusha mti unang'oka na kipande cha ukuta, na mti ukikatwa mizizi inaoza na kuacha mifereji. Kwa hiyo msikubali miti hiyo ikatwe haraka haraka kwa kuwaridhisha ninyi. Miti mikubwa hukatwa maji yakiwa yamepunguzwa, mashina na mizizi minene ikachimbuliwa, na shimo likajazwa udongo wa mfinyanzi unaoshindiliwa kwa tabaka nyembamba, mhandisi akiwa pale pale.

Usizisahau zile kalvati mbili za barabara. Tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu watu walidhani bwawa limepasuka. Wakuu wa serikali walieleza baadaye kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kalvati iliyo chini yake ikiwa imezibwa na takataka, hadi yakabomoa. Tuta la barabara yenu linaweza kuwa bwawa la pili ambalo hakuna aliyelijenga kwa nia. Kalvati hizo ni kazi ambayo chama chenu kinaweza kuifanya Jumamosi hii bila kibali cha mtu: zizibueni, na mzizibue tena kabla ya Machi na kabla ya Oktoba.

Tuanzie wapi, umeuliza. Mwenye bwawa kwanza, kwa barua na kwa adabu, nakala mkibaki nayo. Mwombeni mambo mawili ambayo hayamgharimu chochote, aondoe magunia na mbao, na aondoe wavu. Samaki watakaotoroka ni bei ndogo. Akikataa au akinyamaza, nendeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ndiyo inayoipa kazi ya vibali vya kutumia na kuhifadhi maji, na Nairobi na Kiambu zote zimo katika bonde la Mto Athi. Msiende mkisema tu kwamba mna hofu. Ombeni kwa maandishi nakala ya kibali cha bwawa na ripoti ya ukaguzi wa mwisho. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema habari inayohusu uhai wa mtu itolewe ndani ya saa 48. Andikeni maneno hayo, uhai wa mtu, kwenye mstari wa kwanza. Pelekeni pamoja nayo picha zenye tarehe: wavu, magunia, matete, miti, na picha moja kutoka juu ya ukuta ikionyesha paa la chekechea. Hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko zote. Nakala nyingine mpelekeeni chifu, na mwambieni kwa heshima kwamba sasa ameambiwa.

Mwenye bwawa naye anafaa kujua alivyosimama kisheria. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1868, Rylands dhidi ya Fletcher, kuhusu bwawa ambalo maji yake yalitoroka yakaingia katika machimbo ya jirani. Mahakama ilisema anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, anawajibika kikitoroka, hata kama hakuzembea. Kanuni hiyo ilifika kwetu pamoja na sheria za Kiingereza na mawakili wa Nairobi wanaijua vizuri. Sikutajii ili mumtishe. Nimeona wenye mabwawa wakibadilika kabisa pindi wakili wao wenyewe alipowaeleza.

Jambo moja ninakusihi, Katibu. Vijana wa mtaa wakishapata hasira, wengine watasema twende usiku tukachimbe mfereji kwenye ukuta, maji yapungue. Wazuie kwa nguvu zako zote. Mfereji mdogo uliochimbwa kwenye ukuta wa udongo ndio mwanzo wa kupasuka kwenyewe, hautabaki mdogo, nao watakuwa wamesimama juu yake. Maji hupunguzwa kwa pampu au kwa mabomba ya kunyonya yanayopitishwa juu ya ukuta, na hupunguzwa polepole. Sentimita 30 kwa siku ni mwendo unaokubalika kwa ukuta wa udongo. Yakishuka haraka, udongo wa upande wa maji, ukiwa bado umelowa na mzito, unaweza kuporomoka kuingia bwawani.

Na kabla barua zote hizo hazijajibiwa, kaeni kikao kimoja cha wakazi. Amueni nani atapanda kuangalia usawa wa maji mvua ikinyesha usiku, atampigia nani, na huyo atapiga nini ili wote wasikie. Kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti vinasikika kuliko simu iliyozimwa. Pigeni vigingi vya mbao vyenye rangi kando ya bwawa, mwenye bwawa akikubali, ili mtu aseme maji yamefika rangi nyekundu badala ya kusema yamejaa. Waonyesheni watoto wa chekechea njia ya kukimbilia, na iwe ya kupanda upande wa kilima. Watu wengi hukimbia kufuata barabara, na barabara hufuata bonde. Mlango wa nyuma wa chekechea usifungwe kwa kufuli mchana. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo. Ibandikeni kila ploti.

Shikamoo Mama Mhandisi,

Natoka Kwale, nimeajiriwa kama msimamizi wa bwawa la mahali pa mapumziko mashariki mwa jiji, kwenye udongo mweusi. Kiangazi hiki ukuta umepata nyufa juu, nyingine ndefu zinafuata ukuta, nyingine mbili zinaukata kutoka upande wa maji hadi upande wa nyuma. Mkono wangu unaingia. Bosi amesema nimwage saruji. Pia kuna vali ya chini ambayo haijafunguliwa tangu niajiriwe, na amesema mvua zikianza niifungue yote. Nifanyeje?

Msimamizi

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kutazama nyufa zinaelekea wapi, wengi hawatazami.

Udongo mweusi wa Embakasi, Athi River na kwingineko huko hunywea ukikauka na huvimba ukilowa, kwa hiyo nyufa za kiangazi ni tabia yake. Zile zinazofuata ukuta kwa urefu zipime na uziandike, zinahitaji mhandisi iwapo upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Zile mbili zinazoukata ndizo za haraka. Ni vichochoro vya maji vilivyo tayari. Hatari yake ni mvua ya kwanza kubwa, bwawa likipanda haraka hadi usawa wa ufa kabla udongo haujapata muda wa kuvimba na kujifunga. Ingiza waya uone umeenda chini kiasi gani, kisha linganisha na usawa wa njia ya maji ya ziada. Ukiwa chini ya usawa huo, bwawa lisiruhusiwe kujaa mpaka urekebishwe.

Saruji isimwagwe. Inakuwa jiwe gumu ndani ya udongo unaocheza, na msimu ujao utaona ufa mpya pembeni mwake. Ufa unachimbwa wote kama mtaro hadi mwisho wake, unajazwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha mgongo wote unafunikwa kwa tabaka la murram ili jua lisiufikie tena. Aangalie mhandisi wa maji aliyesajiliwa. Mjenzi wa nyumba hatoshi kwa hili.

Vali, mwanangu, usiiguse peke yako. Iliyokaa miaka bila kufunguliwa inaweza kuvunjika ikiwa wazi, nawe ukashindwa kuifunga. Bomba lililooza ndani ya ukuta likipata maji ya nguvu linaweza kuvujisha katikati ya udongo. Na kuna watu wanaofua na kuchota mchanga huko chini ambao hawajaambiwa lolote. Ifunguliwe mara ya kwanza wakati wa kiangazi, kidogo kidogo, fundi akiwepo, na mtu akiwa ametumwa bondeni kuwatahadharisha. Siku hiyo boti zisiruhusiwe majini, wala mtoto kuogelea, kwa sababu mdomo wa bomba unavuta na mtu aliye chini ya maji haonekani. Hata siku za kawaida, vuta kamba yenye maboya kabla ya njia ya maji ya ziada, na asiyevaa jaketi la kuokoa maisha asipande boti, awe mgeni wa heshima kiasi gani.

Nunua daftari. Kila asubuhi andika usawa wa maji, mvua ya jana, chupa ya majimaji ilikuwaje, nyufa zimepanuka au la. Bosi akikuamuru jambo ambalo nimekukataza hapa, liandike pia, tarehe na saa, umwonyeshe umeliandika.

Mama Mhandisi,

Mimi ni mkazi wa South B, karibu na Mto Ngong. Bwawa la Nairobi kule Lang'ata siku hizi ni magugu na tope, mtu anaweza kudhani ni shamba. Mume wangu anasema kwa kuwa maji yenyewe hayaonekani, sisi wa chini hatuna tena la kuogopa. Ni kweli?

Mama Wawili

La, mama, si hivyo. Bwawa lile lilikamilika mwaka 1953 kama akiba ya maji ya jiji, na wakazi wa umri wangu wanakumbuka matanga ya mashua yakielea pale wikendi. Mto Motoine unaingia ukiwa umepita kando ya Kibera, na unaotoka ndio Mto Ngong wenu, unaoshuka South B, Eneo la Viwanda na kuingia Mukuru. Bwawa tupu linalopokea mafuriko linayashika kwa saa kadhaa na kuyaachia polepole, na nyinyi wa chini mnapata mto uliopanda badala ya mto uliofurika. Lililojaa tope halina tena mahali pa kuyashika. Maji yanayoingia kwa kasi yanatoka karibu kwa kasi ile ile, yakisukuma magugumaji hadi kwenye njia ya kutokea. Kwa hiyo kila lori la tope linaloondolewa kule ni kinga yenu, na mna haki ya kuuliza kazi hiyo imefika wapi kama vile watu wa Lang'ata na Kibera.

Kwa nyumba yako mwenyewe, uliza majirani wa zamani maji yalifika wapi Aprili na Mei 2024, na utie alama ukutani. Kanuni zinataka kando ya mto paachwe wazi kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake, na kama chumba cha watoto kiko ndani ya kipimo hicho, au chini ya alama hiyo, wahamishie chumba cha upande wa barabara kabla ya masika. Sanduku la stima liwe juu ya alama, na vyeti vya familia viwe ndani ya mfuko wa plastiki mahali ambapo hata mdogo wao anaweza kuufikia gizani.